Mwendo uliokuwa wa bure sasa una bei

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nililetewa swali na mzazi mmoja ambaye mwanawe anajijengea kompyuta ya kuchezea michezo. Kila kitu kimekwisha kununuliwa isipokuwa kadi ya picha, yaani ile sehemu inayochora kile tunachokiona kwenye kioo. Dukani wameonyeshwa mbili. Zina jina moja, chipu moja na kumbukumbu ya kiasi kilekile. Moja ni ya kawaida. Nyingine imeandikwa herufi OC ubavuni mwa boksi, na bei yake imeizidi ya kwanza kwa fedha ambazo zingemlipia mdogo wake ada ya muhula. Mzazi anauliza: hizi herufi mbili ni mali, au ni maneno ya wauza duka?

Jibu lipo, nami nitalitoa kabla hatujaagana. Lakini halitaeleweka mpaka tujue herufi hizo zimetoka wapi, na safari yake ni ya miaka arobaini.

Ndani ya chipu ya kompyuta kuna pigo, mfano wa pigo la ngoma. Ngoma inapolia mara moja, kazi husogea hatua moja. Mapigo milioni moja kwa sekunde huitwa megahezi moja. Mpiga ngoma akiongeza mwendo, wachezaji nao huongeza, mpaka afike mahali ambapo mmoja anakosa hatua, anamkanyaga mwenziwe, na uwanja mzima unavurugika. Kompyuta ikivurugika hivyo huganda, au huonyesha michirizi ya rangi kwenye kioo, au hujizima. Kwa hiyo kiwanda kinapoandika mwendo wa chipu, hutaja ule ambao kina hakika kwamba hakuna mchezaji atakayekosa hatua, hata siku ya joto kali. Juu ya mwendo huo hubaki akiba. Kuila akiba hiyo ndiko vijana wanakoita ovakloki, na herufi OC ni ufupisho wake. Mabishano yote ya miaka hii arobaini ni juu ya jambo moja tu: akiba hiyo ni ya nani?

Agosti 1984 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta iliyoitwa PC AT. Ndani yake mlikuwa na kristali iliyotetemeka mara milioni 12 kwa sekunde, na prosesa ilifuata nusu ya hapo, megahezi 6. Haukupita muda mrefu wateja wakagundua kwamba ukiing'oa kristali ile na kuweka nyingine ya megahezi 16, kitu cha bei ndogo tu, prosesa inakwenda megahezi 8 bila kulalamika. Theluthi nzima ya mwendo kwa kubadili kidude kimoja! IBM haikufurahi. Toleo lililofuata liliwekewa programu ya kupima mwendo wakati wa kuwaka, na ikikuta umezidi megahezi 6, kompyuta inagoma. Kisha mwaka 1986 IBM yenyewe ikatoa AT ya megahezi 8, ikaiuza. Kile ilichowazuia wateja wasijichukulie, sasa ikawauzia. Tafadhali uishike habari hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Je, akiba hiyo inatoka wapi? Wanaoijua kahawa ya Kilimanjaro wataelewa upesi. Kahawa ya shamba moja, iliyochumwa siku moja, hupitishwa kwenye chekecheke. Punje kubwa huenda daraja la AA, zinazofuata huenda madaraja ya chini, na kila gunia lina bei yake. Chipu nazo hutengenezwa nyingi kwa pamoja juu ya kisahani kimoja cha silikoni, na hakuna mbili zinazolingana sawasawa. Hupimwa, zikapangwa kwa madaraja. Lakini liko jambo moja ambalo mkulima wa kahawa asingelikubali asilani. Siku soko linapotaka zaidi gunia la bei ndogo, kiwanda huchota punje za AA na kuzitia humo, na kuziandika daraja la chini. Mwenye bahati hununua rahisi akapata bora.

Penye mwanya kama huo hakosi mlanguzi. Katika miaka ya 1990 walikuwapo wafanyabiashara waliochukua prosesa za mwendo mdogo, wakakwangua maandishi, wakachapa mwendo mkubwa zaidi, na kuziuza kwa bei ya maandishi mapya. Mnunuzi asiyejua kitu alirudi nyumbani na mashine inayoganda kila adhuhuri. Angalia jinsi mambo yalivyo: kitendo ni kilekile alichokifanya mwenye kristali ya mwaka 1984, ila hasara imehamishiwa kwa mtu ambaye hakuulizwa. Intel, mtengenezaji mkuu wa prosesa, ikaanza kufunga namba ambayo prosesa huitumia kuzidisha mwendo wa madabodi. Walanguzi walibanwa, na wapenzi wa kuongeza mwendo nao wakabanwa pamoja nao.

Hata hivyo ulibaki mlango mmoja. Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa ya watu wa kipato kidogo, Celeron 300A, kwa dola 149. Namba yake ya kuzidisha ilifungwa kwenye nne na nusu, na madabodi ikipiga megahezi 66 unapata 300. Lakini namba ya madabodi yenyewe haikufungwa. Ukiipandisha hadi 100, nne na nusu mara mia moja ni 450. Prosesa kubwa ya Intel ya wakati ule, Pentium II ya megahezi 450, iliuzwa dola 669. Wenye madabodi ya Abit BH6 walibadili mwendo kwa kubonyeza vitufe tu. Wenye madabodi zisizoruhusu waliifunika pini moja ya prosesa kwa kipande cha utepe au kwa rangi ya kucha, dada zetu mpo hapo! Nyingi ya Celeron zile zilifika 450 na kudumu hapo. Naam, huo ulikuwa wakati wa neema, akiba yote mikononi mwa mnunuzi, na hatari nayo ikiwa yake.

Sasa tuzigeukie kadi za picha zenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya California ilitoa chipu iliyoitwa Voodoo Graphics, ikienda megahezi 50. Kadi zake hazikuweza hata kuonyesha barua unayoichapa. Zilihitaji kadi nyingine kwa kazi za kawaida, zenyewe zikangoja mchezo wa pande tatu uanze ndipo zishike zamu. Lakini zikishika, tofauti ilionekana hata kwa asiyejua kompyuta. Mwaka 1999 wakaja na Voodoo3, na hapo ndipo gunia la kahawa lilipoingia dukani waziwazi: Voodoo3 2000 ya megahezi 143, Voodoo3 3000 ya 166, na Voodoo3 3500 ya 183. Chipu ilikuwa ya ukoo uleule. Kijana mwenye 2000 aliwasha programu ndogo, akasogeza kitelezi, akawa na 3000 jioni ileile.

Mwaka huohuo mshindani wao NVIDIA alikuwa na chipu ya TNT2 Ultra. Tofauti kubwa ya kampuni hizi mbili ni kwamba NVIDIA haikutengeneza kadi. Iliuza chipu kwa kampuni nyingine, nazo zikaunda kadi na kuzitia kwenye maboksi yao. Kiwango cha TNT2 Ultra kilikuwa megahezi 150. Kampuni ya Hercules ikauza ya kwake ikiwa imepandishwa hadi 175, kiwandani, na kuidhamini hivyo. 3dfx yenyewe ilikuwa imenunua kiwanda cha kadi, STB, ikataka kufanya kila kitu peke yake. Marafiki wakamkimbia, na Desemba 2000 mali zake zilikubaliwa kuuzwa kwa yuleyule NVIDIA.

Ushindi huo ulizaa tatizo jipya, nalo ndilo mama wa herufi OC. Ikiwa kampuni kumi zinauza chipu moja, mteja atamchaguaje mmoja? Wakashindana kwa picha za majoka na wapiganaji kwenye maboksi, kwa ukubwa wa feni, na kwa namba za mwendo. BFG, XFX na EVGA zikajenga majina yao juu ya kadi zilizopandishwa mwendo kabla hazijamfikia mnunuzi. Nasema bila kificho kwamba mimi sikuliona hilo kuwa jambo baya. Mtu asiyetaka kucheza na kristali wala rangi ya kucha alipata mwendo wa ziada, na kiwanda kikabeba hatari. Hiyo ni biashara ya haki.

Waliotaka kucheza waliendelea kucheza. Mwaka 2002 kampuni ya ATI ilitoa kadi ya Radeon 9700 na mdogo wake, Radeon 9500. Baadhi ya zile 9500 zilikuwa na chipu ileile ya 9700, nusu ya mikono yake ikiwa imefungwa kwa programu. Watu wakazifungua. Wengine walipata kadi kubwa kwa bei ya ndogo. Wengine vioo vyao vilijaa miraba kama ubao wa drafti, maana mikono ile ilikuwa imefungwa kwa sababu ni mibovu kweli.

Kilele cha kadi za OC, kwa maoni yangu, ni mwaka 2010. NVIDIA ilitoa GeForce GTX 460 yenye kiwango cha megahezi 675. Chipu ile ilikuwa na akiba kubwa ajabu, na EVGA ikauza toleo lake la FTW kwa megahezi 850, ongezeko la asilimia 26 lenye dhamana. Oktoba mwaka huo AMD, ambayo ilikuwa imeinunua ATI, ikatoa Radeon HD 6870. NVIDIA ikawasukuma waandishi waipime kadi hiyo mpya si dhidi ya GTX 460 ya kawaida, bali dhidi ya ile ya EVGA. Gazeti la mtandaoni la AnandTech likakubali kuiweka, likawaeleza wasomaji wazi kwamba shinikizo limetoka wapi, na wasomaji wengi wakalikasirikia. Hasira yao ilikuwa na msingi. Kadi yenye OC ilikuwa imeacha kuwa bidhaa ya dukani tu, imekuwa silaha ya kumfanya jirani aonekane mwepesi.

Baada ya hapo mlango ulianza kufungwa, tena kwa upole. Machi 2012 NVIDIA ilitoa GTX 680, na ndani yake ufundi ulioitwa GPU Boost. Kiwango cha chini kiliandikwa megahezi 1006 na cha kupanda 1058, lakini namba hizo zilikuwa za kuelekeza tu. Chipu yenyewe ilijipima joto na umeme wakati wote, na ikiona nafasi ipo inajipandisha. AMD nao wakafanya vivyo hivyo. Maana yake nini? Maana yake chipu ya sasa huila akiba yake yenyewe, kutoka siku ya kwanza, iwe kwenye boksi la kawaida au la OC. Mpiga ngoma hangoji tena kuambiwa.

Ipo sababu ya kimaumbile inayofanya kinachobaki kiwe kidogo. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na mwendo, na hupanda kwa mraba wa volteji. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, na ili chipu isikose hatua ukaongeza volteji kwa asilimia 10 pia, umeme hupanda kwa takriban asilimia 33. Theluthi nzima ya umeme, na karibu wote unatoka kama joto, kwa mwendo wa sehemu moja ya kumi. Na mwendo huo nao haugeuki wote kuwa picha. Mchezo uliokuwa ukitoa fremu 60 kwa sekunde, mwendo ukiongezwa asilimia 5 huwa 63 kwa bahati nzuri kabisa.

Tulipokuwa tukisomea stashahada ya uandishi wa habari, mwalimu wetu alikuwa akifuta kwa kalamu nyekundu kila takwimu iliyosimama peke yake bila jirani wa kulinganishwa naye. Hebu tumpe kalamu yake tena.

Septemba 2018 NVIDIA, ambayo sasa ilikuwa ikiuza kadi kwa jina lake pia, ilitoa RTX 2080. Kiwango cha kupanda kilikuwa megahezi 1710. Kadi ya NVIDIA yenyewe, Founders Edition, ilipandishwa kiwandani hadi 1800. Hiyo ni asilimia 5. Bei iliyotangazwa kwa kadi za kawaida ilianzia dola 699, na ya Founders ilikuwa 799. Hiyo ni asilimia 14. IBM na megahezi zake 8, msikilizaji! Tena iliripotiwa kwamba chipu za kizazi kile zilipangwa madaraja mawili, na kampuni zilizonunua daraja la chini hazikuruhusiwa kuzipandisha kiwandani. Chekecheke lilikuwa limerudishwa nyumbani kwa mwenyewe.

Mfano wa pili. Oktoba 2022 ilitoka RTX 4090, megahezi 2520, dola 1,599. Kampuni ya ASUS ikaitoa kwa jina la ROG Strix OC, megahezi 2610, dola 1,999. Namba 2610 ikisimama peke yake inatisha. Ikisimama na jirani yake, ni asilimia 3.6 ya mwendo kwa asilimia 25 ya bei.

Basi jibu kwa mzazi ni hili: kwa kadi za siku hizi, usilipie mwendo. Fedha ile ya ziada ikibaki mfukoni, mara nyingi inakaribia kumpandisha kijana hadi kadi ya ngazi inayofuata, na huko tofauti huonekana kwa macho. Kama nyongeza ni ndogo, ya chakula cha mchana, ichukue bila kuumiza kichwa.

Ila kuna kitu kingine ndani ya boksi la OC ambacho hakikuandikwa kwa herufi kubwa, nacho kwetu watu wa pwani ni cha maana zaidi. Kadi hizo mara nyingi huja na bomba za shaba, mapezi ya alumini na feni kubwa kuliko za kawaida, maana bila hivyo zisingedumu. Kadi hupoza kwa hewa ya chumba ilichomo. Iliyopimwa Ulaya katika chumba cha nyuzi 22 ikasoma nyuzi 70, Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, itakaribia 80. Nayo chipu ikiona joto inajishusha mwendo kidogo kidogo. Kadi ya kawaida yenye feni moja nyembamba, ndani ya kasha lililosukumwa ukutani, inaweza kupoteza kwa joto zaidi ya kile ambacho OC ingeongeza. Kwa hiyo mzazi aende dukani aombe kuziona kadi zote mbili nje ya maboksi, apime uzito kwa mkono, ahesabu feni. Ipo kadi ya kawaida yenye feni tatu inayouzwa chini ya kadi ya OC yenye mbili, na mimi ningeichukua hiyo ya kwanza bila kusita. Aulize pia umeme. RTX 4090 huvuta wati 450, karibu nusu ya pasi, kwa saa zote za mchezo, na bili haisomi maandishi ya boksi.

Na wala asidhani kwamba kupandishwa kiwandani ni kinga dhidi ya kila kitu. Septemba 2020 zilipotoka RTX 3080, wanunuzi wa mwanzo wa kadi za kampuni mbalimbali walikuta michezo inakatika ghafla chipu inapojipandisha kupita megahezi 2000. EVGA ilieleza hadharani kwamba mpangilio wake wa kwanza wa kapasita haukufaulu majaribio, ukabadilishwa kabla kadi hazijapelekwa kwa wateja. Kabla mwezi haujaisha NVIDIA ikatoa programu mpya iliyotuliza mambo. Kadi zilikuwa zimesukumwa karibu mno na ukingo, hata waliozitengeneza hawakuwa na hakika nao.

Hapo tunafika kwenye dhamana, maana ndiyo tofauti iliyobaki kati ya kadi ya OC na kijana anayesogeza kitelezi nyumbani. Ukiiharibu kadi kwa kuipandisha mwenyewe, mara nyingi ni shauri lako. Ikiharibika kwa mwendo wa kiwandani, ni shauri la kiwanda. Lakini dhamana hudai risiti, na mara nyingi hudai kadi irudishwe ilikonunuliwa. Wengi wetu kadi hutujia ndani ya begi la ndugu aliyepita Dubai. Mtu wa namna hiyo analipia ahadi ambayo hana nauli ya kwenda kuidai.

Tena ahadi yenyewe huishi kadiri anavyoishi aliyeitoa. BFG, ambayo OC ilikuwa fahari yake, ilikuwa ikiwapa wateja wa Marekani dhamana ya maisha. Mei 2010 ilitangaza kwamba inaacha biashara ya kadi za picha, ikaahidi kuendelea kuwahudumia waliokwisha kununua. Agosti ya mwaka uleule, waliorudisha kadi mbovu walianza kurudishiwa kadi zilezile zikiwa mbovu vilevile, pamoja na barua ya kusema kwamba kampuni inafungwa.

Septemba 2022 ikawa zamu ya EVGA. Ilitangaza kwamba haitatengeneza kadi za kizazi kilichokuwa kinakuja, ingawa kadi za picha ndizo zilizoiletea sehemu kubwa ya mapato yake. Mkurugenzi wake, Andrew Han, aliwaeleza waandishi kwamba kufanya kazi na NVIDIA kumekuwa kugumu, na miongoni mwa malalamiko ni kushindana dukani na Founders Edition za huyohuyo anayekuuzia chipu. EVGA ilisema imetenga akiba ya kadi ghalani, zisiuzwe, zingoje wateja watakaorudi na dhamana zao.